Maji iko mbele ya mlango, na hakuna mwenye alitufundisha kuogelea

Wananchi wenzetu, vijana wa Goma, Bukavu, Idjwi, Uvira na Kalemie,

Tuseme wazi: sisi ni watu wa maji wenye hawajui maji. Goma imelala kwenye ukingo wa ziwa Kivu. Bukavu imeingia ndani ya ziwa kama vidole vya mkono. Uvira na Kalemie zinaangalia Tanganyika asubuhi na jioni. Tunakunywa maji ya ziwa, tunafulia nguo humo, tunakula sambaza zake, tunapita juu yake kwenda kutafuta maisha. Lakini ingia darasa lolote la sita ya msingi katika miji hii, uliza: nani anaweza kulala mgongoni juu ya maji dakika moja bila kuzama? Hesabu mikono. Kisha hesabu mikono ya wasichana peke yake.

Shuleni tulikariri kwamba mto Congo una kilomita 4,700. Tuliandika kwenye interro, tukapewa pointi. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kuvuka mita 25.

Tunaandika leo kusema kwamba kuogelea ni elimu ya lazima kama kusoma na kuhesabu, kwamba kumnyima mtoto wa ukingoni elimu hiyo ni kumwacha afe, na kwamba inawezekana kuanza bila piscine, bila bwana mfadhili na bila kungojea uchaguzi mwingine.

Baada ya kila ajali, mchezo ni ule ule

Tarehe 3 Oktoba 2024, bateau Merdi ilitoka Minova ikielekea Goma. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, kwa hiyo mama muuzaji, mwanafunzi na mgonjwa, wote walibakiwa na njia moja tu: maji. Bateau ikapinduka karibu na bandari ya Kituku, watu wakiwa ufukweni wanaangalia. Siku ile gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba kulikuwa abiria 278 na kwamba angalau 78 walikuwa wamekufa. Hesabu zilizotolewa na wengine hazikulingana na hiyo. Hata kuhesabu wafu wetu tunashindwa.

Mbele ya hapo, Aprili 2019, bateau ingine ilizama upande wa Kalehe. Rais Tshisekedi mwenyewe alitangaza kwamba watu 150 hawajulikani walipo.

Kila mara tunaona sinema moja. Siku ya kwanza, video kwenye simu zote. Siku ya pili, wakubwa wanafika na ma jeep, wanavaa sura ya huzuni, wanaahidi masanduku ya kuzikia. Siku ya tatu, ma bateau zinasimamishwa. Juma la pili, gilet inakuwa lazima, mwenye hana gilet hapande. Mwezi wa pili, gilet zimerudi kufungwa na kamba juu ya paa ya bateau, fasi hakuna mtu anaweza kuzifikia, na mwenye kuhesabu abiria anahesabu noti.

Tusieleweke vibaya. Kupakia watu kupita kiasi ni kosa la jinai, na mwenye bateau pamoja na yule aliyechukua kitu kidogo ili aiachilie wanapaswa kujibu mbele ya sheria. Kuogelea hakufute kosa lao. Tena, mtu aliyefungiwa ndani ya bateau iliyogeuka, au aliyetupwa katikati ya ziwa usiku, hata akiwa muogeleaji hodari anaweza kufa. Njo maana tutaendelea kudai ma bateau nzuri, listi ya abiria na gilet mwilini.

Lakini kuna watu wanaokufa karibu na nchi kavu, mchana, mbele ya macho ya ndugu zao. Kwa hao, kujua kuelea dakika kumi ni kungojea pirogue ifike. Kutojua ni kuzama kabla mvuvi hajashika kasia. Juu ya kitu hicho, hakuna waziri hata mmoja amewahi kutusimamia na kusema: tulikosa kuwafundisha.

Si ajali za ma bateau peke yake

Mtu akizama kwenye bateau kubwa, redio inasema. Mtoto akizama na bidon yake saa kumi na mbili asubuhi, ni mama yake tu anayelia, na majirani wanachanga pesa ya kilio. Goma wote tunajua hiyo picha: robinet haitoe kitu, watoto wanashuka ziwani na ma bidon za manjano, wanaingia mpaka magotini, mpaka kiunoni, fasi maji ni safi kidogo. Jiwe la volkeno lina utelezi. Ukingo wetu mara nyingi unakatika ghafula: hatua moja uko na chini, hatua ya pili hauna. Ziongeze mama wenye wanafua, vijana wenye wanaoga jioni, wavuvi wa usiku, na wenye wanavuka na pirogue ndogo kupeleka ndizi na mkaa. Hao hawamo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

OMS, shirika la afya la dunia, ilitoa ripoti Desemba 2024. Inasema kwamba mwaka 2021 karibu watu 300,000 walikufa maji duniani. Zaidi ya 9 kwa kila 10 walikuwa wa nchi maskini na za kipato cha kati. Kwa watoto wa miaka 5 mpaka 14, kuzama ni sababu ya tatu ya kifo. Halafu soma hii polepole: kati ya mwaka 2000 na 2021, kiwango cha vifo hivyo kilishuka kwa asilimia 68 Ulaya. Afrika kilishuka kwa asilimia 3. Asilimia tatu, miaka ishirini na moja! Na Afrika njo ina kiwango cha juu kuliko bara lote.

Maji ya Ulaya haina huruma kuliko ya kwetu. Kilichobadilika kule ni mipango: uzio, waokoaji, ma bateau zinazokaguliwa, na watoto waliofundishwa. Uholanzi, nchi yenye imejaa mifereji, mtoto anapata diplôme ya kuogelea A, kisha B, kisha C, na mtihani anaufanya akiwa amevaa nguo. Juu ya nini nguo? Juu hakuna mtu anayeanguka ndani ya maji akiwa amevaa maillot. Sasa sisi wenye tunaanguka na pagne, na sweta, na mtoto mgongoni, nani alishatufundisha?

Sababu zenye wanatupatia, na jibu letu

«Gilet inatosha.» Gilet ni nzuri, ivae. Lakini mtoto wa bidon hana gilet. Mama mwenye anafua hana gilet. Na hata mwenye anayo, kama hajawahi kuingia maji ya kumfika kifuani, siku ya hatari anapigana na maji, anameza, anamvuta jirani. Gilet inabeba mwili. Woga inabaki na mwenyewe.

«Hatuna piscine.» Hii njo sababu ya wavivu. Bangladesh ni nchi ya maji na ya watu wengi maskini. Kule walianzisha programu yenye jina SwimSafe: wanafundisha watoto ndani ya mabwawa ya vijiji, juu ya majukwaa ya mianzi yaliyofungwa ndani ya maji, ili mtoto asimame fasi yenye kina kinachojulikana. Mtoto anamaliza akiwa anaweza kuogelea mita 25 na kuelea sekunde 30. Mianzi! Na sisi, mianzi imetushinda? Mbao zimetushinda? Kamba imetushinda?

«Wasichana hawawezi kuvua nguo mbele ya watu.» Nani aliomba wavue? Kule Nungwi, Zanzibar, pwani ya Waswahili wenzetu, mradi wa Panje umefundisha wasichana kuelea na kuogelea wakiwa wamefunika mwili kutoka kichwa mpaka miguu, na wanawake wenyewe wakawa waalimu. Heshima haikuvunjika. Kilichovunjika ni ile desturi ya kusema ziwa ni ya wanaume.

«Ni mashetani ya maji, ni saa yake ilikuwa imefika.» Tunaheshimu imani ya kila mtu, na tunalia na kila familia. Lakini hatuchelewe: kila tunapoandika kifo juu ya jina la shetani, kuna mtu wa ofisi anapumua, juu anajua hakuna mtu atamuuliza. Shetani haina budget. Shetani haikukula pesa ya gilet.

«Ukimfundisha mtoto kuogelea, atajiamini, atakufa vizuri zaidi.» Wazazi wengi wanasema hivi, na hofu yao ni ya upendo. Kwa hiyo tunajibu kwa heshima: mzee, mama, mtoto tayari anaenda ziwani. Unamtuma wewe mwenyewe na bidon. Mafunzo ya kweli hayaanze na mbio. Yanaanza na masharti: usiingie peke yako, usiruke fasi haujui chini yake, mawimbi ikipanda toka. Mwenye anajiamini bure ni yule aliyejifunza na marafiki jioni kwa kusukumana.

Kufundisha ni kitu gani, na kutupa mtoto majini si kufundisha

Tunaijua ile shule ya mtaani. Kaka mkubwa anakushika, anakutupa, wengine wanacheka. Ukitoka, wanasema umejua. Usipotoka, wanakimbia. Mwenye alitoka anabaki na kuogelea ya mbwa: kichwa juu, mikono inachimba, miguu inazama, na baada ya mita kumi na tano pumzi imekwisha. Huyo amejifunza kuchoka haraka. Mwingine anabaki na woga mpaka uzee.

Kufundisha vizuri kuna ngazi, na ngazi zake si siri ya watu wa olimpiki.

Kwanza ni pumzi. Maji ya kiunoni, miguu chini, mwalimu karibu. Unaingiza uso, unatoa hewa ndani ya maji kwa pua na mdomo, mapovu yanapanda. Unainua uso, unavuta hewa fupi. Unarudilia mara ishirini, mara hamsini, mpaka mwili unakubali. Wengi wanachoka majini juu wanafunga pumzi na kukaza mwili wote. Mwenye anajua kutoa pumzi ndani ya maji amekwisha kupata nusu.

Pili ni kuelea. Mtu akijaza mapafu, maji inambeba karibu wote. Kinachobaki nje ni kidogo. Lala mgongoni, masikio ndani ya maji, kidevu juu, tumbo juu, mikono wazi kama msalaba. Ukiinua kichwa kuangalia, matako na miguu inashuka, juu mwili ni kama ubao wa kupimia: upande mmoja ukipanda, mwingine unazama. Maji ya ziwa letu haibebe sawa na ya bahari yenye chumvi nyingi, kwa hiyo mapafu yenye hewa na kutulia njo kila kitu. Mwenye ameanguka na nguo asipigane kuzivua kwanza. Alale, apumue, kisha afikirie.

Tatu ni kuteleza na kupiga miguu. Sukuma ukuta au jiwe, nyoosha mwili kama mshale, uso chini, shingo imelegea. Miguu inapigwa kutoka kwenye nyonga, si kwenye magoti. Kifundo cha mguu kiwe laini. Kelele na maji yenye inaruka juu ni nguvu yenye imepotea.

Nne ni mikono. Vuta maji kuelekea nyuma, usiipige kuelekea chini. Pumua kwa kugeuza uso upande, usiinue kichwa mbele. Hesabu mara ngapi umevuta kwa mita 25. Juma lijalo jaribu kuvuta mara chache zaidi kwa umbali ule ule. Hii njo maana ya kuogelea kwa akili: kwenda mbali ukitumia nguvu kidogo, ili ibaki nguvu ya kungojea msaada.

Tano ni kubadilisha: kutoka tumbo kwenda mgongo, kupumzika, kurudi. Mtoto mwenye anajua kugeuka na kulala anapochoka yuko salama kuliko kijana mwenye anajua kukimbia mita hamsini na kuishia hapo.

Na watu wazima? Kijana wa miaka 25 mwenye hajawahi kuingia ziwa zaidi ya magoti hakosi akili. Anakosa fasi ya kujifunzia bila kuchekwa. Mama wa miaka 45 pia anaweza. Kwao kazi ya kwanza ni woga: wasivutwe, wasifanyiwe mchezo, wafundishwe kwanza namna ya kusimama tena kutoka kulala, juu mwenye anajua kwamba anaweza kusimama anakubali kulala. Kikundi kidogo, mwalimu ndani ya maji pamoja nao, na mtu mwingine nje mwenye kazi yake ni kuangalia tu.

Bidon

Sasa tuongee juu ya kitu chenye kila nyumba inacho. Bidon ya litri 20, tupu, imefungwa kifuniko vizuri, inasukumwa juu na maji kwa nguvu ya karibu kilo 20. Mtu mwenye yuko ndani ya maji, akiacha kichwa tu nje, anahitaji kusaidiwa kilo chache tu. Maana yake: bidon moja tupu yenye imefungwa inaweza kumbeba mtu mzima akiikumbatia kifuani, na hata wawili wakitulia.

Fikirini vizuri. Mtoto mwenye anazama wakati wa kuteka maji ameshika mkononi kitu chenye kingemwokoa, na hakuna mtu amemwambia. Kumwambia kunachukua dakika tano. Funga kifuniko, kumbatia, lala, piga miguu polepole kurudi. Wizara nzima, wakaguzi, ma directeur, semina na per diem zao, wamekosa dakika tano.

Bidon haichukue fasi ya gilet wala ya mafunzo. Kifuniko ikiwa mbovu inaingiza maji, na mikono ikichoka inaachia. Lakini kati ya kitu na bure, tunachagua kitu.

Kumwokoa mwingine bila kufa wawili

Mwenye anazama mara nyingi hapige kelele. Mdomo uko chini ya maji, na akiutoa anatafuta hewa, hana ya kupigia kelele. Mikono inasukuma maji pembeni, kichwa kinaenda nyuma, macho ni kama ya kioo. Inaweza kuchukua chini ya dakika moja. Watu wenye wako mita tano wanafikiri anacheza. Kwa hiyo mtoto akinyamaza ndani ya maji, uliza: uko sawa? Asipojibu, anza.

Na kuanza si kuruka. Tumezika ndugu wawili na watatu kwenye kilio kimoja juu wa pili alimfuata wa kwanza, na wa kwanza alimkumbatia shingo. Mwenye anazama anapanda juu ya kila kitu, hata juu ya mama yake. Ita watu. Nyoosha mti, kasia, pagne iliyosokotwa, ukiwa umelala chini ufukweni. Tupa bidon yenye imefungwa kamba. Pirogue ikiwepo, iende. Kuingia mwilini ni kwa mwenye amefundishwa kuokoa, na ashike kitu chenye kinaelea.

Akitoka bila kupumua, usimning'inize miguu juu, usikanyage tumbo kutoa maji. Unapoteza dakika za mwisho. Aliyezama amekosa hewa: mpe pumzi kwanza, mdomo kwa mdomo, kisha sukuma kifua kwa nguvu na haraka, rudilia, mpaka apumue au mganga afike. Hii nayo inafundishwa. Ukiisoma tu hapa haitoshe.

Fasi ya kufundishia

Ziwa Kivu ina tabia yake. Mwenye atafundisha Goma na hajui mazuku ni hatari kwa wanafunzi wake. Ile hewa ya kaboni yenye inatoka chini ya ardhi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala kwenye mashimo na mabonde ya ukingoni, haina rangi, na inaua mtu bila kumgusa maji. Usiku na asubuhi mapema, upepo ukiwa umelala, inakuwa mbaya zaidi. Observatoire ya volkeno ya Goma inajua habari hizo: basi fasi ya kufundishia ichaguliwe pamoja nao, na masomo yafanywe wakati jua limepanda na upepo upo. Upande wa Tanganyika, Uvira na Kalemie, hatari ni zingine: mamba, viboko, bilharzia. Kule pia fasi ichaguliwe na wenye wanajua, kwanza wavuvi.

Halafu kuna ukuta. Tembea kando ya ziwa Goma, ona: parcelle ya mkubwa, hoteli, parcelle ya mkubwa mwingine, hoteli. Mwenye pesa analipa, anaogelea ndani ya piscine yenye maji ya bluu, na ziwa iko mita kumi nyuma yake. Mtoto wa Birere na wa Majengo anapewa fasi ya mwisho, ile yenye mawe makali, uchafu na ma bateau. Ziwa si ya mtu. Kuogelea kumekuwa alama ya kujua nani ni nani katika mji huu, na hiyo tunaikataa.

Nani atafundisha? Sisi hapa.

Mwenye anaandika haya ana licence mkononi na hana kazi. Wenzake ni wengi: tuliosoma pédagogie, tuliosoma éducation physique, tuliosoma afya. Tunaamka, tunapiga foto-kopi za diplôme, tunaweka dossier, tunarudi nyumbani. Wanasema nchi haina kazi. Kazi iko! Iko ndani ya maji, kila asubuhi, inashika bidon. Kinachokosekana ni mtu wa kuitambua na kuilipa.

Wavuvi na watoto wao wanajua ziwa kuliko sisi wa amphithéâtre. Waalimu wa shule wanajua watoto. Wauguzi wanajua kuamsha pumzi. Waweke hao watatu pamoja, wape mafunzo ya kweli ya miezi michache, wafanyie mtihani mkali, na una kikosi cha waalimu kwa kila quartier ya ukingoni. Masaa ya éducation physique yako kwenye horaire ya shule tangu zamani. Mara nyingi watoto wanapewa mpira, mwalimu anaenda kukaa kivulini.

Kwa hiyo tunadai, na tunaandika wazi ili mtu asiseme hakusikia, awe wa Kinshasa, awe wa province, awe yule mwenye anashika mji kwa bunduki na kujiita kiongozi:

1. Kila shule ya ukingo wa ziwa na mto ifundishe, kuanzia darasa la nne ya msingi, kutoa pumzi majini, kuelea, kuogelea mita 25 na kuokoa bila kuingia, bila mzazi kulipa hata franc moja.

2. Kila commune ya ukingoni ifungue angalau fasi moja ya raia yenye kina kilichopimwa, kamba, mianzi au mbao, na mwokoaji wakati wa masomo. Njia za kushuka ziwani zenye zilizibwa na kuta zifunguliwe.

3. Waalimu wachaguliwe kwa mtihani, si kwa barua ya mjomba, na nusu yao wawe wanawake. Walipwe kila mwezi.

4. Pesa zenye abiria wanalipa bandarini zitangazwe kwenye ubao, mwezi kwa mwezi, na sehemu yake iende kwenye mafunzo haya na kwenye gilet.

5. Kila kifo cha maji kiandikwe: umri, fasi, saa, alikuwa anafanya nini. Mpaka leo tunapigana na adui mwenye hatujamhesabu.

6. Hakuna bateau itoke bila listi ya abiria na bila gilet mwilini mwa kila mtu, na mwenye kuvunja ashitakiwe, pamoja na afisa aliyemfungulia.

Na wewe mwenye unasoma

Usingoje decree. Usikimbie pia kwenda kuingiza watoto wa quartier ndani ya maji bila mwenye anajua; hapo utaongeza kilio. Fanya hivi. Leo jioni, fundisha nyumbani mwako habari ya bidon na ya kutoruka. Kesho, uliza shuleni kwa wadogo zako: saa ya éducation physique mnafanya nini? Omba jibu kwenye mkutano wa wazazi, na uandike jina la aliyejibu. Kama unajua kuogelea kweli, au wewe ni mvuvi, au muuguzi, jitambulishe kwa wenzetu wa quartier yako, tuanze kutengeneza listi yetu wenyewe, fasi kwa fasi. Wakija kutuambia hakuna watu wa kufundisha, tutawawekea majina mezani.

Tulishajua kudai maji kwenye robinet. Sasa tudai pia kutokufa ndani ya maji yenye tunaifuata.

Ziwa haitahama. Volkeno ilitusukuma mara ngapi, na tukarudi kujenga pale pale, juu ya jiwe lenye bado moto. Watu wa namna hiyo hawawezi kushindwa kujifunza kulala mgongoni na kupumua.

Mtoto wa ukingoni ana haki ya kujua maji. Hatutanyamaza.